Makato ya kaka

Juzi mtoto wa kaka kanitumia fomu ya mkopo wa chuo, anataka niwe mdhamini wake. Nilipofika kwenye nafasi ya saini nikamkumbuka baba yake, sebuleni kwa mama kule Kihonda, mwaka 2017.

Kaka alihitimu chuo 2009, naye alisoma kwa mkopo wa serikali. Miaka iliyofuata alifundisha shule za binafsi, mshahara mwezi huu upo, mwezi ujao haupo, na makato ya mkopo hakuna aliyeyapeleka. Deni hakulikana, hakuwa na cha kulipia. Kisha serikali ikaajiri walimu wa hisabati naye akapata. Sheria ilikuwa imebadilishwa mwishoni mwa 2016: makato yamepanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi.

Jioni ile alikuja na taarifa ya deni. Mama alikuwa anapeta mchele. "Isome tusikie," akasema. Kaka akasoma, mstari kwa mstari. Mkopo wenyewe. Adhabu ya kuchelewa, asilimia 10. Tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kila mwaka.

Ungo ukasimama.

"Hiyo sita wanaihesabu hata mwaka ambao hukuwa na kazi?"

"Hata huo, mama."

"Na uliyokopa ni ile ya juu tu?"

"Ile ya juu tu."

Mama akaivuta karatasi, akaweka kidole kwenye jumla, akakiacha hapo. Redioni tulizoea kusikia habari za wadaiwa sugu, tukadhani ni watu wa magari waliogoma kulipa. Kumbe mmoja alikuwa amekaa nasi mkekani. "Ya kula itabaki?" mama akauliza. Kaka hakujibu. Alishageuza karatasi, anaandika: kodi, nauli, ada ya mtoto.

Akakatwa, akakatwa. Mei Mosi 2021, Mwanza, Rais Samia alitangaza kuifuta ile asilimia 6. Kaka alinipigia akihema: "Sasa litapungua kweli!"

Ila mwaka ule wa 2017 mimi nilikuwa chuoni, nasubiri bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo. Marejesho ya waliotangulia ndiyo yanayoongezwa kwenye mikopo ya wanaofuata. Wakiacha kulipa, kuna mtoto wa mtu anabaki nyumbani na barua yake ya udahili, hilo naliamini. Na kumtoza mtu kwa miaka aliyozunguka na vyeti akitafuta kazi ni kumwonea. Hilo pia naliamini, na mpaka leo sijaweza kuyapatanisha.