Mlango wa Agogo

Kwa miaka sita nilikuwa nauza saruji Mwanjelwa, na miaka hiyo yote sikuwahi kushika mwiko. Bei ya nondo ningekutajia nikiwa usingizini. Mtu akisema anajenga vyumba viwili na sebule, namhesabia mifuko na mabati kabla hajamaliza kueleza. Ila kupanga tofali juu ya tofali ilikuwa kazi ya wale wanaokuja dukani na vumbi lao, wanakopa, wanaondoka.

Agosti 2023, vijana wa makanisa kadhaa pale Mbeya wakatangaza safari ya kujitolea kujenga nyumba Malawi. Kimbunga Freddy kilikuwa kimepiga kusini mwa nchi ile mwezi Machi. Kilizaliwa huko karibu na Australia, kikavuka Bahari ya Hindi nzima, kikapiga Madagaska na Msumbiji, kikarudi baharini, kikageuka tena kama mtu aliyesahau kitu. Zaidi ya mwezi mzima kinazunguka tu. Malawi peke yake walikufa watu zaidi ya 600, na wengine zaidi ya 500 hawakuonekana tena. Nikajiandikisha.

Mchango ulikuwa shilingi 450,000 kwa kila mtu, nauli na chakula. Kwa bei za dukani kwetu wakati ule, hizo ni bati 16. Wawili tungebaki nyumbani, nyumba moja ingeezekwa. Nilimwambia hivyo dada tuliyekaa naye kwenye basi, akanijibu, "Mwenzangu, hesabu ziache Mbeya, tuko kwenye huduma." Nikaacha kusema. Kuhesabu sikuacha.

Tulivuka mpaka pale Kasumulu, na kusema kweli sikuona kama nimetoka nchini. Karonga mama mmoja aliniuzia ndizi, nikamwambia "ndaga", yaani asante, akanijibu kwa Kinyakyusa kilekile cha bibi yangu Tukuyu, wao wanakiita Kingonde. Ugeni ulianza baada ya Mzuzu, nilipofungua mdomo nikakuta nimebaki na Kiingereza changu cha kuombea maji.

Tulifika Phalombe siku ya tatu, kwenye ukungu na manyunyu ya baridi ambayo wenyeji wanayaita chiperoni. Asubuhi yake ukungu ulipoinuka ndipo nikauona mlima. Mimi ni mtu wa Rungwe, milima hainishangazi. Lakini Rungwe unapanda taratibu, una migomba, una chai, una watu. Mulanje umesimama tu katikati ya tambarare, mwamba mtupu, na kilele chake Sapitwa kina mita 3,002. Pembeni yake kuna mdogo wake, Michesi, na kwenye ubavu wake kulikuwa na michirizi myekundu kutoka juu mpaka chini, kama mtu aliyekwaruzwa kucha. Huko ndiko mawe na matope yalikopita.

Kiwanja tulichopewa kilikuwa mbali na mikondo ya maji, kwenye mwinuko, kando ya barabara ya vumbi. Nyumba za zamani zilikuwa za tofali za kuchoma zilizoungwa kwa udongo. Mvua ya siku mbili tatu ikilowesha ule udongo, ukuta unafunguka wenyewe. Hizi mpya zilikuwa na msingi wa mawe, nailoni juu ya msingi kuzuia unyevu, saruji kwenye viungo, na linta ya kuzunguka nyumba nzima. Injinia wetu, Mtanzania mwenzetu, alikuwa na ramani ndani ya mfuko wa plastiki, na hakuiachia hata akienda kujisaidia.

Mimi nilipangwa nyumba ya bibi mmoja. Wenyeji walimwita Agogo, nasi tukamwita Agogo. Siku ya kwanza nilimpigia goti nikasema shikamoo kwa mazoea. Hakuelewa neno, goti alilielewa. Akanishika kichwa akacheka.

Fundi wa nyumba ile alikuwa mwenyeji, kijana wa miaka thelathini hivi. Nilimwita Achimwene, yaani kaka. Alikuwa amewahi kubeba mizigo Tunduma miaka miwili, kwa hiyo alikuwa na Kiswahili cha stendi, cha haraka haraka, chenye matusi mawili matatu ambayo nadhani hakujua ni matusi. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika mwiko. "Usipake kama siagi, dada. Tupa, halafu vuta."

Nilichokiona mapema, ila nikakipuuza, ni mahali Agogo alipokuwa akikaa. Kila asubuhi alikuja na mkeka wake na ungo wa nandolo, hizi mbaazi zetu, akaketi nyuma ya nyumba, kwenye njia yetu ya kupitishia maji na mchanga. Tulimsogeza kwa heshima, akasogea, akarudi palepale. Nikadhani anafuata jua.

Siku ya nne ukuta ulikuwa umefika usawa wa chini ya madirisha. Tukasimamisha fremu ya mlango upande wa barabara, kama ramani ilivyosema. Agogo akainuka, akazunguka nyumba, akaitazama ile fremu, akasema kitu kwa sauti ndogo. Nilidaka neno moja tu, "liyang'ane". Niliposikia yang'ana nikasikia angalia.

"Anasema nini?"

Achimwene aliweka karai chini. "Bibi anasema mlango uangalie mulima."

Injinia akasema haiwezekani. Nyumba zote zinatazama barabara, ziko kwenye mstari mmoja, na wafadhili watakuja kupiga picha. Hakusema kwa ubaya. Ana nyumba sita za kumaliza na siku kumi na nne. Mchana ule akaondoka na lori kwenda Zomba kufuata mabati.

Jioni tukila nsima na usipa, ambao ni dagaa, tofauti ni jina, nikamwomba Achimwene aniulizie. Agogo akaeleza bila haraka, huku akipepeta. Kwenye mlima kuna nyoka mkubwa, Napolo, anakaa chini ya mwamba. Akihama kwenda ziwani anashuka na mawe, miti, na nyumba za watu. Mwaka 1991, mwezi huohuo wa Machi, alishuka kutoka Michesi, akamchukua dada yake. Mwaka huu ameshuka tena, amechukua nyumba na mbuzi wanne. Mara zote mbili nyumba yake ilikuwa imeupa mlima mgongo. Mara zote mbili alisikia mngurumo, akatoka mlangoni kutazama, akatazama upande usio wenyewe. Alipozunguka nyumba, maji yalikuwa yameshafika.

"Nyoka sina habari naye," Achimwene aliongeza kwa Kiswahili, "lakini kuzunguka nyumba ni muda."

Sikulala vizuri. Alfajiri nikaenda kuhesabu. Kozi tisa, tofali nne kila kozi. Tofali 36 na vipande zinatolewa nyuma, zinakwenda kuziba mbele, chini ya litakalokuwa dirisha. Fremu inahama. Linta haijamwagwa, khonde, yaani baraza, hata halijaanzwa. Hasara ni nusu mfuko wa saruji. Achimwene alinikuta nimesimama pale nimeshika tindo.

"Umepiga hesabu?"

"Nimepiga."

Hakuuliza zaidi. Saruji ya jana ilikuwa bado haijakomaa, tofali zikatoka nzima karibu zote, nikawa nazikwangua moja moja kwa mwiko. Kuziba mbele niliomba nifanye mwenyewe. Nilipomaliza kozi ya tano Achimwene akashusha timazi, akainamisha kichwa, akasema, "Dada, ukuta umelewa." Tukabomoa tatu, tukaanza upya. Agogo alikuwa amehamisha mkeka wake. Sasa alikaa mbele, upande wa barabara, njia ya nyuma akatuachia.

Injinia alirudi kesho yake saa kumi jioni. Akashuka kwenye lori, akatazama nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, akafika kwetu akasimama. Nilijifanya nachekecha mchanga. Alizunguka nyumba mara mbili. Akatoa ramani kwenye plastiki, akaitazama, akaitazama nyumba. Kisha akaigeuza ramani juu chini.

Akakaa kimya kidogo.

"Mbona iko sawa," alisema. Akairudisha kwenye mfuko, akaenda kusimamia kushusha mabati.

Siku ya makabidhiano walikuja watu wa kamera, wakatupanga barabarani mbele ya nyumba, sisi na fulana zetu za kufanana. Agogo aliitwa, hakuja. Nilimkuta nyuma, ameketi kwenye kizingiti, ungo mapajani, ukungu unashuka kwenye Michesi. Alinijazia mfuko wa nandolo mpaka ukashindwa kufungwa.

Ile picha nimeibandika dukani, juu ya meza ya hesabu. Watu kumi na wanne, nyuma yetu nyumba mpya, bati linang'aa, dirisha moja katikati. Mafundi wakija kununua misumari huitazama, wanakunja uso. Wiki iliyopita mzee mmoja aliisogelea kabisa, akavua miwani, akaivaa.

"Mwanangu, hii nyumba mmejenga wenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Mlango mmesahau?"

"Uko nyuma, baba," nikamwambia. "Misumari kilo ngapi?"