Siku ya Jamhuri, Ngomeni

Vyuma vile navijua tangu nikibebwa mgongoni. Ukisimama ufuoni Ngomeni, kama kilomita 30 kaskazini mwa Malindi, utayaona majukwaa ya San Marco, yaliyokuwa ya kurushia roketi, yamesimama baharini kwa miguu yake mirefu. Ukiuliza ni ya nani, utaambiwa ya Wataliani, basi, maneno yameisha. Mimi mwenyewe, mwalimu mzima, niliwajibu wanafunzi wangu hivyo hivyo kwa miaka. Kisha nikasoma habari za Marjorie Townsend, mwanamke aliyesimamia setilaiti iliyorushwa pale, nikahisi kuna haki ya watoto wale niliyokaa nayo bila kuwapa.

Ndiyo sababu Jamhuri ya 2018 sikwenda kutazama gwaride. Niliwachukua watoto wa dada yangu, binti wa miaka 10 na mdogo wake wa miaka 8, pamoja na mahamri na chupa ya chai, tukaingia garini mwa kaka yangu. Tukavuka daraja la Sabaki, tukapita Mambrui, kisha Gongoni kwenye mashamba ya chumvi. Yule mdogo alikuwa na plasta mkononi, ameanguka kutoka mkorosho wiki mbili nyuma. Dada alikuwa hataki kabisa apande mashua. Niliapa kwamba plasta haitagusa tone la maji, nikaufunga mkono ule kwa leso mbili.

Nahodha tuliyempata alikuwa mzee wa makamo.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Wataka kwenda wapi na watoto?"

Nikamwambia nataka kuwaonyesha mahali ilipotoka setilaiti iliyosimamiwa na mwanamke. Akatikisa kichwa. "Pale? Pale walikuwa wanaume watupu. Marehemu baba akiwauzia samaki."

Sikubishana naye pale ufuoni. Kaskazi ilikuwa imeanza lakini bahari imetulia, na tulipofika umbali ambao kutu ya zile nguzo ilionekana wazi, akazima injini mwenyewe. Hapo ndipo nilipoanza. Kweli, waliorusha roketi walikuwa Wataliani. Lakini mradi wa setilaiti yenyewe ulikuwa mikononi mwa Marjorie Townsend, injinia wa umeme wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Ilirushwa kutoka hapa mnamo 12 Desemba 1970, siku kama ile tuliyokuwa tumekaa mashuani, Kenya ikitimiza miaka 7 tangu ipate uhuru. Kwa ile siku, na kwa ukarimu aliouona kwa wenyeji, mama yule akaiita Uhuru.

"Uhuru hili letu?" nahodha akauliza.

"Hili hili, ami."

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema baba yake alikuwa akisimulia moto uliopanda kutoka baharini na moshi uliobaki angani, ila hajui ulikuwa wa roketi ipi, maana zilirushwa nyingi. Akamgeukia binti: "Uliza, mwanangu, usiogope. Mama yako mdogo yuajua."

Aliyeuliza ni yule mwenye plasta. Setilaiti ilikwenda kufanya nini? Nikaushika mkono wake. "Wakumbuka hospitali ulipigwa eksirei, mfupa ukaonekana? Basi ziko nyota zinazotoa eksirei zenyewe. Hewa yetu inazizuia, hazifiki chini. Kwa hiyo lazima upeleke jicho juu ya hewa. Uhuru ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu." Iliorodhesha sehemu 339 za angani zinazotoa miale hiyo. Alitaka tuzihesabu zote. Alifika 60 kabla hajaishiwa pumzi.

Moja kati ya hizo ni Cygnus X-1, na hapa nilikuwa nimejiandaa tangu nyumbani. Tuliporudi ufuoni nilisubiri jua lizame, na giza lilipoanza kutanda nikamvisha binti buibui langu, nikamfunika hadi uso. Mdogo wake alikuwa na kanzu nyeupe. Nikawaambia washikane mkono ule mzima na wazunguke, mimi na nahodha tukasogea mbali hadi buibui likapotelea gizani. Kilichobaki ni kanzu tu, inakwenda huku na kurudi huku, yayumba peke yake mchangani.

"Ami, waona nini?"

"Mtoto mmoja azunguka."

"Azunguka na nini?"

Akatazama tena. "Kuna mtu amemshika. Hawezi kuyumba hivyo peke yake."

Hivyo ndivyo alivyofanya Louise Webster, mwanamke wa Australia, pamoja na mwenzake Paul Murdin, wakiwa Uingereza. Waliitazama nyota inayoonekana, wakaona yazunguka na kitu kisichoonekana kila baada ya siku 5 na nusu hivi, wakakokotoa uzito wa kile kitu, wakakuta kizito mno kuwa nyota ya kawaida. Mnamo 1972 walichapisha kwamba huenda ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali hata mwanga hauwezi kukitoka. Na kilichowaelekeza watu wa darubini upande ule wa anga ni vipimo vya Uhuru. Binti alinisikiliza akiwa bado ndani ya buibui, akasema, "Kwa hiyo mmoja aliipeleka juu, mwingine akamjua aliyejificha." Nimefundisha miaka mingi, sijawahi kulieleza jambo hilo kwa ufupi namna ile.

Njiani kurudi alikuwa kimya kiti cha nyuma. Kumbe amechukua kalamu yangu na ameandika kwenye plasta ya mdogo wake, kwa herufi kubwa: MARJORIE. Upande wa pili: LOUISE. Mdogo aligutuka usingizini, akalia kwamba mkono wake umeandikwa majina ya wanawake. Dada yake akamwambia akinyamaza atamsimulia tena ile ya buibui. Akanyamaza.

Plasta ilikatwa Januari. Daktari, msumeno mkononi, akasoma na kuuliza, "Marjorie ndiye nani?" Mtoto akaanzia Ngomeni, akaja kwenye roketi, akaja kwenye kanzu na buibui, huku wagonjwa wa nyuma wakianza kuchungulia mlangoni. Kile kipande chenye jina alikiomba. Daktari alikikata kwa uangalifu, akampa.