Koti la mdoli dola 118, langu mimi 14

Alhamisi moja nilipokea mzigo mlangoni kwa bi mkubwa ninayemtunza. Kiboksi kidogo, kama cha viatu vya mtoto. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, kwa hiyo kufungua mizigo ni kazi yangu. Juu kabisa ilikaa risiti: koti la sufu lenye bitana, sketi, kofia na jozi ya viatu, dola 118. Kodi juu yake, nauli ya mzigo juu ya hapo. Nikasema alhamdulillah, bibi wa watu leo kajinunulia kitu cha baridi, maana tangu Novemba ni sweta moja tu. Nikafunua ile karatasi laini. Koti lilinienea kiganjani.

La mdoli.

Nami nimesimama pale jikoni na langu mwilini, ndiyo kwanza naingia kutoka kwenye theluji. Nililinunua duka la mitumba la Goodwill dola 14, la kiume, zipu ilishakufa, nalifunga kwa pini mbili za nepi. Zidisheni wenyewe kwa shilingi. Mimi niliacha kuzidisha mwaka wa kwanza, baada ya kukaa siku tatu bila kununua nyanya.

Nieleze kidogo kwa wasiojua. Haya si mambo ya watoto kuchezea. Hapa Minnesota, na Marekani yote kwa jumla, kuna watu wazima, wengi wao wastaafu wenye akili zao timamu, wanaokusanya midoli kama wengine wanavyokusanya magari ya zamani. Bi mkubwa anayo 41 kwenye kabati la vioo. Wengi ni mabinti warefu wa inchi 16, kiuno kama sindano, kope zimebandikwa. (Wataalamu wa ngeli mnisamehe. Nashindwa kumwita "huu" mtu anayevaa kunizidi.) Kila mmoja ana sanduku lake la nguo, na ndani ya sanduku kila nguo ina mfuko wake na kikaratasi cha mwaka. Nguo za kiangazi zinawekwa mbali na za baridi. Mimi nguo zangu zote zimo kwenye begi lilelile nililoshuka nalo uwanja wa ndege.

Usiku ule nilimtumia mdogo wangu picha wasapu. Jibu lilikuja la sauti, anacheka hadi anakohoa, kisha akageuka: "Dada, yaani sisi huku tunakusubiri utume nguo za watoto za sikukuu, kumbe wewe uko huko unavalisha midoli?" Nikachukia. Si kwake. Hata sijui nilimchukia nani.

Tulivyokuwa wadogo Tanga mdoli alikuwa gunzi la hindi. Unaacha zile nywele za hindi juu, unasuka, unamfunga kipande cha khanga kilichobaki kwa fundi, basi, mtoto huyo, ana jina na mgongoni anabebwa. Nguo yake ilikuwa bure kwa sababu fundi alikuwa mama yangu, na vipande vilikuwa vinafagiliwa.

Nikamwambia bi mkubwa, kwa adabu, maana kazi bado naitaka: hivi hii bei si nyingi? Akacheka. Akaniambia Barbie alipotoka mwaka 1959 aliuzwa dola 3, na gauni lake la harusi dola 5. Nguo inamzidi mwenye nguo! Bi mkubwa mama yake alimnunulia mdoli, gauni akakataa kata kata, akaambiwa ajishonee. Ndivyo alivyojua sindano. Na hiyo ndiyo ilikuwa biashara tangu mwanzo: mdoli unamnunua mara moja, halafu unamvalisha miaka. Nguo zile za kwanza zilikuwa zikishonwa Japani, wanawake majumbani mwao, vifungo na zipu kabisa. Wale wanawake walilipwa ngapi kwa gauni, hapo hakuna anayekuhadithia.

Kitu kimoja kilinifurahisha kwenye ile risiti. Minnesota haitozi kodi ya mauzo kwenye nguo. Koti langu la dola 14 nililipa 14 kamili. Lakini sheria inasema nguo za binadamu, kwa hiyo mdoli analipa kodi. Jamani, angalau serikali ya jimbo inajua mtu ni nani.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Ijumaa bi mkubwa alilala mchana, nikalichukua lile koti nikaligeuza ndani nje. Mimi ni fundi cherehani. Miaka tisa nimeshona barazani Ngamiani, Tanga, barabara ya nane, sare za shule na magauni ya harusi, kabla jina langu halijatoka kwenye bahati nasibu ya green card. Fundi hatazami nguo kwa nje.

Mkono wa koti una unene wa kidole gumba changu, na umepachikwa kwapani kwa kukunjwakunjwa taratibu, hakuna hata kijikunyanzi. Bitana ya hariri imeshonwa kwa mkono pindo zima. Mishono ya milimita moja na nusu, sisi kwenye gauni la mtu tunaenda mbili na nusu na mteja anasema ahsante. Vifungo vinne, kila kimoja kama punje ya mtama, na matundu yake yamedariziwa, hayakuchorwa. Kola imegeuzwa, ncha zake kali kama za bahasha. Kola ya ukubwa ule unaigeuza kwa ncha ya sindano, ukivuta sana inachanika, ukivuta kidogo inabaki na tumbo. Na sufu yenyewe nyembamba kama leso ya mfukoni, kwa sababu hapo ndipo penye mtihani: mdoli umempunguza, kitambaa hakipunguziki. Ukimkatia sufu ya kawaida anakuwa kama kavaa godoro.

Nikakaa chini. Nikahesabu kifundi. Kukata, kuunganisha, bitana, matundu, kofia yake: siku nzima na nusu, na huyo awe fundi mzoefu. Dola 118 zile, ukitoa kitambaa na viatu, kinachobaki ni ujira wa fundi tu, tena mdogo. Bei haikuwa ya wizi. Ndiyo bei ya koti, koti lolote, pale kila mshono unapolipwa.

Basi swali likanigeukia: langu limewezaje kuwa 14?

Na hapo ndipo hasira ilipata anwani. Mimi baraza langu halikufungwa na uvivu. Sketi ya shule nilishona kwa elfu tatu, na mama wa mtoto anasimama mbele yangu anasema, "Fundi, mbona hii naipata mtumba kwa elfu moja na mia tano?" Kweli anaipata. Anaipata kwenye robota lililotoka huku, mtaa wa pili kutoka hapa ninapoandika, limetolewa sadaka na watu kama bi mkubwa. Fundi gani ashindane na nguo iliyoachwa bure? Mnakumbuka mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walipokubaliana mitumba iishe ifikapo 2019. Marekani ikatikisa kile kibali cha AGOA, kinachoziruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa huku bila ushuru, wengine wakarudi nyuma, Rwanda ikakaza, na 2018 ikasimamishiwa unafuu wa nguo zake. Sisi tukaendelea kupasua marobota. Nami sijitoi: nilikuwa nakwenda soko la mitumba la Mchikichini mwenyewe kuchagua blauzi za kutengeneza upya. Na leo nimevaa mtumba kwenye kiwanda chake.

Jumatatu nilimwambia bi mkubwa kwamba nimeligeuza koti lake. Nilidhani atakasirika. Akanyamaza, akanituma chumba cha nyuma nikalete kisanduku cheusi. Ndani: Singer, ile ndogo ya 221, nyeusi yenye maua ya dhahabu, kilo tano tu, ilianza kutengenezwa mwaka 1933. Inakwenda mshono ulionyooka, basi, haijui zigizaga, lakini mshono wake unaweza kulia kwa uzuri. Wanaoshonea midoli wanaitafuta kama dhahabu. Akasema, "Mimi mikono haiwezi tena. Wewe unaweza?"

Mwenzenu miaka mitatu sijagusa cherehani. Nilipokanyaga ile pedali, siwafichi, nilitoka nje kidogo kana kwamba naenda kutupa taka.

Gauni la kwanza lilinichukua saa sita, bi mkubwa kanilipa dola 48. Msianze kunihesabia utajiri. Toa kitambaa, uzi, vifungo vilivyoagizwa, inabaki kama dola saba kwa saa, na kima cha chini cha mshahara cha jimbo mwaka 2025 kilikuwa dola 11.13. Kumwogesha bibi kunalipa zaidi kuliko kumvalisha mdoli wake. Sasa nimeshafika saa nne kwa gauni na nina wateja watatu, wote rafiki zake. Wanalipa bila kubishana. Hakuna anayeniambia mtumba ni bei gani! Kwa hilo tu, hata wangelipa nusu, ningeshona.

Mnaotaka kuja, sikilizeni hapa kabla sijasahau. Koti msibebe, koti la Dar halijui digrii ishirini chini ya sifuri, njooni mnunue lililotumika huku. Mkasi wako mzuri weka kwenye begi la kupakia chini, si la mkononi, utanyang'anywa. Ufundi wako usiuuze pamoja na cherehani ukidhani huku ni ofisi tu. Lakini angalia viza yako: ukija kwa viza ya masomo, usimshonee mtu kwa pesa hata kifungo, utajiharibia. Na ukiwa na kibali, kipato cha pembeni kikizidi dola 400 kwa mwaka baada ya gharama, kinaripotiwa kodi. Msije mkasema mlidanganywa na dada wa Tanga.

Bi mkubwa anasema midoli iliwahi kuokoa mafundi. Paris, mwaka 1945, vita Ulaya bado, kitambaa hakuna. Mafundi wakubwa wa mji ule, akina Balenciaga, wakatengeneza midoli ya waya zaidi ya 200, ya karibu sentimita 70, wakaivalisha nguo za msimu mpya kwa vile vitambaa vichache vilivyokuwepo, wakaonyesha kule Louvre. Watu wakapanga foleni. Midoli ile ikavuka bahari, sasa iko makumbusho ya Maryhill, jimbo la Washington, na bi mkubwa aliendesha gari hadi huko na mumewe kwenda kuitazama tu. Anasema vipochi vya midoli ile vinafunguka. Kabla ya lile koti ningesema huyu mzee kachanganyikiwa. Sasa nataka niende.

Mteja wa tatu ndiye kaniletea mtihani. Aliona khanga yangu ninayojifunga nikipika, akataka mdoli wake avae hiyohiyo, doti, na maandishi. Nikamweleza: mama, embe moja la kwenye mji, pale katikati ya khanga hii, ni kubwa kuliko kifua cha binti yako. Jina lenyewe, yaani hayo maandishi, ukilikata kwa urefu wake, atavaa herufi nne. Nikajaribu. Nilikata pindo pekee, lile lenye vidoto vidogo, nikapata sketi nzuri mno na shela. Maneno akayang'ang'ania. Mwisho nikayadarizi mwenyewe, uzi mmoja, chini ya miwani ya kukuza ya bi mkubwa, herufi za milimita tatu: MGENI NJOO. Nafasi ikaishia hapo. "Mwenyeji apone" haikuenea.

Hiyo peke yake ilikula saa tano. Kalipa 70.

Nilimpigia mama kwa video nikamwonyesha. Mama fundi wa zamani, hakucheka kama mdogo wangu. Akasema sogeza karibu. Sogeza. Geuza ndani. Nikageuza. Akatazama mshono kwa muda, akasema, "Hapo kwapani umevuta." Kweli nilivuta. Kisha akauliza, "Na hilo koti ulilovaa ndani ya nyumba, hizo pini ni za nini?"

Nikamwambia zipu imekufa, nitaibadilisha. Zipu ya koti la mtu mzima duka la vitambaa hapa ni dola 7, na kazi yake ni saa moja, nimeifanya mara mia Ngamiani nikipiga soga. Jana nilikwenda dukani. Nilirudi na zipu moja, ya sentimita tano, kwa ajili ya jaketi la ngozi la binti wa inchi 16. Linatakiwa Jumamosi.