Kadi ya NUTA katika sanduku la mjomba

Mjomba wangu, aliyekuwa kuli katika bandari ya Mtwara, alipofariki tulikuta katika sanduku lake la bati kadi ya NUTA, chama cha wafanyakazi, iliyoviringishwa kwenye nailoni pamoja na stakabadhi za korosho. Ada ilikatwa kwenye mshahara kabla hajaushika, na alizoea kusema kwamba haikumbuki siku aliyoulizwa kama anataka kujiunga.

Shirikisho lililoitangulia NUTA halikuwa la namna hiyo. TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, liliundwa mwaka 1955, mwaka mmoja tu baada ya TANU, chama kilichopigania uhuru, na Katibu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa, mtu wa kusini mwenzetu kutoka Songea. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na siasa, lakini ilipata shida kumkataza kuli, mpishi wa hoteli au mkata mkonge wa Lindi kudai ujira wake. Tena mgomo wa makuli wa Dar es Salaam wa mwaka 1947, uliosambaa hadi bara, ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba gati ikilala, wakubwa huamka. TANU ilipata hapo watu waliokwisha kuzoea kukaa pamoja na kukataa pamoja.

Baada ya uhuru ndipo swali gumu lilipokuja: je, chama cha wafanyakazi kiitii serikali kiliyosaidia kuiweka? Christopher Kasanga Tumbo wa chama cha reli alikataa. Alipelekwa London kuwa balozi, akajiuzulu, akaanzisha chama cha upinzani, na hatimaye akawekwa kizuizini. Michael Kamaliza, rais wa TFL, alifanywa Waziri wa Kazi, na sheria za mwaka 1962 zikaufanya mgomo halali kuwa jambo gumu mno. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, TFL likavunjwa na NUTA ikaundwa kuwa chama pekee, Katibu Mkuu wake akiteuliwa na Rais. Aliyeteuliwa ni Kamaliza, naye akabaki waziri, kwa hiyo mfanyakazi mwenye malalamiko dhidi ya serikali aliyapeleka kwa serikali hiyo hiyo.

Sisemi kwamba hapakuwa na faida. Mjomba alizisifu kamati za wafanyakazi zilizoletwa na sheria ya mwaka huo huo wa 1964, kwa kuwa msimamizi hakuweza tena kumfukuza mtu kwa sababu tu ameamka vibaya. Hata hivyo naona tuliirithi tabia ya kusubiri. Mwaka 2010, mwaka wa uchaguzi, TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la siku hizi, ilitangaza mgomo wa nchi nzima, nao haukufanyika. Na Mei Mosi ya 2025 pale Singida kima cha chini cha watumishi wa umma kilipopandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, habari yenyewe ilitoka jukwaani, nasi tukapiga makofi.

Jirani yangu hubangua korosho kwa malipo ya kilo, na vidole vyake vimebabuka kwa mafuta ya maganda. Nilimwonyesha ile kadi, nikamweleza habari za kamati. Aliigeuza kwa ncha za vidole asiichafue, kisha akaniuliza ofisi yao hapa Mtwara iko mtaa gani.