Taa ya Kuku

Jana usiku stima ilipotea hapa Manyatta, Kisumu. Nikawasha tochi ya simu ili watoto wamalize kula, dirisha likiwa wazi. Kufumba na kufumbua, wale wadudu wadogo wa ziwani wamejaa kwenye ugali. "Baba, kwani hawa hutoka wapi?" akauliza kitinda mimba. Nikamjibu hukulia matopeni chini ya ziwa, na mwezi ukiwa giza huibuka mawingu kwa mawingu. Aliyenifunza hayo sikumtaja.

Ilikuwa 2011, kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria. Nilikuwa fundi wa sola mwenye miezi mitatu kazini na kiburi cha miaka 30. Tulivuka kutoka Mbita kwa boti, betri nimeipakata magotini asidi isije ikamwagika. Paneli nikaielekeza kaskazini, imeinama kidogo mvua iioshe vumbi. Mengine ni waya na misumari.

Ilipobaki balbu ya mwisho, Dani, yaani nyanya mwenye nyumba, akanigusa bega.

"Ya nje acha, mwanangu. Wiki hii hakuna mwezi."

Nikamweleza habari za nyoka na wezi wa usiku. Alinisikiliza kwa adabu, ameketi kigodani, fagio mapajani. Ningemuuliza hilo fagio ni la nini.

Saa moja na nusu nikabonyeza swichi. Watoto wakapiga makofi. Huko majini wavuvi wa omena, ambao husubiri giza hilohilo, walikuwa wameshawasha karabai zao, ungedhani ni mji. Kisha ukuta mweupe wa Dani ukaanza kugeuka kijivu. Nilidhani ni kivuli. Kumbe ukuta unatembea. Wakaniingia puani, masikioni, kwenye chai. Nilipofungua mdomo kusema "zimeni" nikawameza. Mvumo wao ulikuwa kama mafuta yanayochemka chumba cha pili. Dani akazima mwenyewe, akawasha koroboi, akafunga mlango. Hakuna aliyenicheka. Hilo ndilo liliniuma.

Asubuhi alifagia wadudu wa kujaza karai. Kuku wakalivamia, naye akasimama akiwatazama kwa muda mrefu.

Niliporudi kukagua betri, balbu ya nje ilikuwa imehamia kwenye banda la kuku, imening'inia juu ya karai. Kuku wamenona ajabu. Fomu yangu iliuliza taa ya nje inatumika kwa kazi gani, na nafasi zilikuwa mbili tu: kusoma au usalama.

Nikatia tiki kwenye usalama. Trei ya mayai aliyonipa Dani niliipakata magotini hadi Mbita.