Mchicha umekubali sawa, ila lile tope mmelipima?

Mbolea ya dukani ikipanda bei huku Mbeya kila mkulima anatafuta njia yake, na njia moja naisikia sana kwa wanaolima mboga pembezoni mwa mji, kuchukua lile tope lililokauka kwenye mabwawa ya majitaka na kulimwaga kwenye matuta. Nawaelewa kabisa. Lina naitrojeni, lina fosforasi, udongo unakuwa laini na unashika maji, mchicha unatoa majani mapana mpaka unajua huu ukifika sokoni Soweto haukai. Mama mmoja tunayelima naye jirani aliniambia, "Mwanangu, ingekuwa sumu si mboga ingekauka?"

Hilo swali ndo limenikalisha kuandika, maana lina akili na jibu lake linatisha. Zinki au shaba ikizidi sana kwenye udongo mmea unaumia wenyewe kwanza, unadumaa, majani yanakuwa ya njano, yaani unapewa taarifa kabla hujala. Kadimiamu, metali nyingine yenye sumu inayoweza kuwemo kwenye tope hilo, haikupi taarifa. Inafanana na zinki kwa hiyo inapita kwenye mizizi kwa milango ile ile, inapanda mpaka kwenye majani, na mboga inaendelea kupendeza tu wakati imeshafika kiwango cha kumdhuru mlaji, halafu ikiingia mwilini inajikusanya kwenye figo na kukaa miaka 10 mpaka 30. Kule Toyama, Japani, watu walikula wali wa mashamba yaliyomwagiliwa maji ya mto Jinzu yenye kadimiamu kutoka mgodini, figo zikaharibika, mifupa ikawa inavunjika kirahisi, na serikali yao ilikuja kukiri chanzo mwaka 1968. Pale haikuwa tope la majitaka, ila metali ni hiyo hiyo.

Sasa kwenye tope inatoka wapi? Mabwawa ya mji hayapokei choo peke yake. Kuna gereji, viwanda vidogo, rangi, betri, na maji yakisafishwa metali zinashuka chini na tope. Wengi wanasema wao wanalianika au wanalichanganya na samadi lioze kwanza, na kweli likioza vizuri kwa joto la kutosha mayai ya minyoo yanakufa, ila metali haiozi, na tope linavyopungua kwa kuoza ile metali inabaki kwenye kidogo kilichobaki. Kuchemsha mboga nako hakuiondoi.

Risasi, ile metali ya kwenye betri za magari, yenyewe inang'ang'ania udongo, haipandi sana kwenye mmea, shida yake ni vumbi kwenye majani na udongo kwenye ganda la karoti, kwa hiyo osha sana na menya.

Kinachoniumiza zaidi ni udongo wetu. Sehemu nyingi za Nyanda za Juu Kusini udongo una tindikali, na tindikali ndo inaifungua kadimiamu iingie kwenye mmea, na mbolea za Urea na SA za kila msimu zinaongeza hiyo tindikali. Chokaa inasaidia, pH (kipimo cha tindikali, ikipanda tindikali inapungua) ikifika 6.5 hivi kadimiamu inashikwa zaidi na udongo, na chokaa inachimbwa hapo hapo Songwe jamani. Ulizia kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole kuhusu kupima pH kabla hujamwaga chochote.

Na kama tope unalo tayari usiliweke kwenye mchicha, spinachi wala saladi, mboga za majani ndo zinavuta zaidi. Punje za mahindi zinabeba kidogo, na kwenye miti ya mbao ni bora zaidi, Mufindi yote ile ina misindano. Ulaya tangu 1986 wana sheria inayokataza kulimwaga kwenye mboga zikiwa shambani, na Uswisi wamelipiga marufuku mashambani kabisa.

Wanaoendesha mabwawa nao wapime kadimiamu na risasi kila wanapotoa tope, wabandike majibu pale getini ambapo mwenye toroli anayasoma kabla hajapakia.