Haukuwa Ukavu wa Macho: Nilivyopatana Tena na Lenzi Zangu

Kila aliyeniona nikifikicha jicho alikuwa na jibu lilelile: "Macho yako yamekauka, tia matone." Nikatia. Nikatia mpaka chupa ikawa haitoki mfukoni, na jioni bado nazivua kwa hasira lenzi zangu, zile za kuvaa juu ya jicho badala ya miwani. Mwingine akanielekeza matone ya kuondoa wekundu. Hayo hubana mishipa ya damu, jicho likawa jeupe kwa saa chache, kisha dawa ikiisha nguvu wekundu unarudi na nduguze. Akaja wa tatu: chemsha maji, tia chumvi, loweka lenzi humo. Huyo nilimkatalia palepale. Maji ya chumvi ya kujitengenezea nyumbani ndiyo yaliyohusishwa na wagonjwa wengi wa akanthamiba kule Marekani miaka ya 1980. Kijidudu hicho hushambulia konea, kile kioo cha mbele cha jicho, na kikishajifungia ndani ya ganda lake, matibabu huchukua miezi. Asante, chumvi yangu naitia kwenye chungu.

Dalili zenyewe zilikuwa zikisema jambo jingine kabisa, ila nani alisikiliza? Naamka na matongotongo ya nyuzinyuzi. Lenzi inaingia ikiwa safi, baada ya muda imeshika ukungu, na kila nikipepesa inapanda juu kidogo, kope linaivuta. Muwasho nao ulizidi nikishaivua. Hilo ndilo lililonitia shaka, kwa sababu jicho lililokauka kwa kawaida hupata nafuu lenzi ikitoka.

Nikaanza na maji ya kusafishia, na hapa niliteketeza pesa ambazo sitaki kuzijumlisha. Chupa ya buluu ikashindwa, nikanunua ya kijani. Ya kijani ikashindwa, nikanunua iliyoandikwa kwa mbwembwe kwamba ni ya macho yasiyovumilia dawa kali, ambayo bila shaka ilikuwa ghali kuliko wenzake. Siku moja nikazipanga zote mezani, nikachukua kioo cha kukuzia, nikasoma yale maandishi ya pembeni yaliyoandikwa kwa ajili ya sisimizi. Kiua vijidudu kilikuwa kimoja ndani ya chupa zote: poliheksanidi! Kanzu zilibadilika, shehe ni yuleyule. Nilicheka peke yangu, kisha nikatafuta dawa yenye kiua vijidudu tofauti, nikijiona mkemia. Muwasho haukutikisika.

Ndipo nikaambiwa shida ni lenzi, nihamie za silikoni. Ushauri huu ulikuwa na nusu ya ukweli. Lenzi laini za mwanzo, zile ambazo mkemia Otto Wichterle alizifinyanga nyumbani kwake Chekoslovakia mwaka 1961 kwa mashine aliyoiunga kutokana na vyuma vya kuchezea watoto, ni za haidrojeli, plastiki laini inayofyonza maji, na ni maji hayo yanayopitisha hewa kufikia konea. Silikoni hupitisha oksijeni nyingi zaidi, kwa hiyo mtu mwenye konea inayokosa pumzi, mishipa ya damu imeanza kuinyemelea kutoka pembeni, humfaa sana. Konea yangu haikuwa na njaa ya hewa. Tena silikoni nyingi ni ngumu kidogo, na mafuta ya machozi huzipenda. Kwangu mimi mambo yakawa mabaya zaidi, na aliyenishauri akaniambia nivumilie, nitazoea.

Daktari wa macho hakuniuliza hata jina la dawa. Alichukua kijiti chenye pamba, akasema, "Tazama chini, usikaze," akalikunja kope la juu nje-ndani kabla sijajua kinachoendelea. Haiumi, ila ni jambo la kushangaza kuhisi upepo mahali ambapo hujawahi kuuhisi. Akapaka rangi ya njano, akamulika kwa taa ya buluu, akanionyesha kwenye skrini: vinundu vimejipanga chini ya kope kama mawe ya njia. Konjaktiva, utando laini unaofunika ndani ya kope, ilikuwa imekasirishwa na protini za machozi yangu mwenyewe zilizoganda kwenye lenzi, pamoja na msuguano wa kila kupepesa. Kumbe watu wote hao walikuwa wakitazama weupe wa jicho na ugonjwa umekaa chini ya kope!

Dawa ilikuwa miwani, mpaka atakaponiruhusu, na matone ya kromoglikati ya kutuliza mzio. Miwani yangu ni minene, sisemi zaidi. Muwasho uliondoka mapema. Vinundu hukawia sana kulala, hivyo usipime kupona kwako kwa kioo.

Niliporuhusiwa, akanipa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya kulowekea lenzi, isiyo na kihifadhi cha kubaki kwenye lenzi. Ina kikasha chake cha kusimama, chenye kisahani kilichopakwa platinamu kinachoigeuza kuwa maji na oksijeni kwa saa 6 hivi. Usiimimine kwenye kikasha bapa cha kawaida, wala usinunue ile ya kusafishia vidonda ukidhani umepata nafuu ya bei. Ikigusa jicho kabla ya muda wake utaruka dari. Mapovu kukoma si ishara ya kutosha, saa ndiyo hakimu.

Sasa hapa ndipo nilipojipongeza. Asubuhi bila lenzi mimi ni kipofu wa heshima, chupa nyekundu ya peroksaidi na ile ya saline, maji ya chumvi ya dukani ya kusuuzia lenzi, naziona ukungu mmoja. Nikaivisha ya peroksaidi rababendi mbili nene shingoni. Mkono ukigusa raba, unarudi nyuma wenyewe. Juu ya kikasha nimebandika kipande cha plasta, naandika kwa kalamu nene saa niliyoloweka. Waliocheka mwanzoni wameniiga. Kikasha nabadilisha kila ninapofungua chupa mpya, maana huja nacho, na kile kisahani huchoka.

Daktari alisema wazi kwamba za siku moja zingenifaa zaidi: unavaa, unatupa, protini haipati muda wa kuganda. Kwa kila siku mfuko wangu ulikataa, basi nazivaa siku za vumbi na za chavua, nyingine navaa za mwezi na kuzisugua vidoleni kabla ya kuziloweka, hata kama chupa inajigamba kwamba kusugua si lazima. Na siku jicho likiuma badala ya kuwasha, au mwanga ukachoma, sitafuti mshauri: nazitoa na kwenda kwa daktari siku hiyohiyo, lenzi na kikasha mkononi, kwa sababu maabara inaweza kuotesha vijidudu kutoka humo.